Nguvu za Farasi Hazikati Kona

Ingia gereji yoyote ambako vijana wameizunguka Subaru Impreza iliyofunguliwa boneti, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Swali la kwanza utakalolisikia ni lilelile: "Inatoa farasi wangapi?" Hakuna anayeuliza tairi zilitengenezwa mwaka gani. Hakuna anayeuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mwenye gari akitaja 300, watu humwitikia kwa heshima. Akitaja 400, humsogelea. Na siku atakapolipeleka gari hilo uwanjani, katika zile siku ambazo mtu yeyote mwenye gari na helmeti hulipa kiingilio akashindana na saa badala ya kushindana na wenzake, huenda akiamini kwamba sekunde zake ameshazinunua gereji.

Naandika kuipinga imani hiyo, na sitaipinga kwa kubembeleza. Anayetaka kupunguza muda wa raundi akaanza na injini, ameanzia mwisho. Sekunde ziko kwenye tairi, kwenye breki, kwenye shokapu na bushi, na zaidi ya kote ziko kichwani na mikononi mwa dereva. Nguvu ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni ya mwisho kwenye foleni.

Kwanza niwatendee haki wanaoamini kinyume, maana si wajinga. Wanasema raundi ni muda, muda hupunguzwa na kasi, na kasi huletwa na injini. Wanasema pia kwamba kwenye sehemu iliyonyooka gari la farasi 300 huliacha la farasi 200, jambo ambalo kila mtu ameliona kwa macho. Hoja yao ya tatu ndiyo nzito zaidi: siku hizi fundi mwenye laptopu huiandika upya programu ya kompyuta ya injini yenye turbo kwa nusu siku tu, na nguvu ikaongezeka bila kufunguliwa boliti hata moja. Kwa nini basi mtu ahangaike na pedi za breki?

Kosa lao ni kuihesabu raundi kwa upande mmoja. Dereva uwanjani huongeza mwendo, hufunga breki, huingia kona, hutoka kona, kisha huanza tena. Injini ina kazi wakati wa kuongeza mwendo na wakati wa kutoka konani. Tairi zina kazi muda wote, hazipumziki hata sekunde moja. Kila kitu gari linachokifanya, liwe linakimbia, linasimama au linapinda, hupitia kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo. Anayeongeza nguvu bila kugusa tairi anachimba kisima kirefu zaidi huku ndoo yake ni ileile inayovuja.

Tuweke maneno pembeni tupige hesabu. Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 50. Kasi ya juu kabisa ya kuikata kona hiyo kwenye lami tambarare huamuliwa na mambo mawili: upana wa kona na mshiko wa tairi. Idadi ya farasi haimo kabisa katika hesabu hiyo. Tairi zikishika kwa kiasi cha 0.9 ya uzito wa gari, utaikata kwa takribani kilomita 76 kwa saa. Zikishika kwa 1.1, kama zifanyavyo tairi nzuri zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanja, utaikata kwa takribani kilomita 84 kwa saa. Ikiwa kona hiyo ni robo ya duara, umeshaokoa zaidi ya theluthi moja ya sekunde ukiwa bado hujafika kwenye sehemu iliyonyooka.

Ukifika hapo, zile kilomita 8 ulizotoka nazo konani zinaendelea kukusaidia. Tuseme mbele yako kuna mita 500 zilizonyooka, na gari lako lina uzito wa kilo 1,400 na nguvu ya farasi wapatao 200 kwenye magurudumu. Ukiacha upinzani wa hewa ili hesabu iwe nyepesi, kutoka konani kwa kasi zaidi kunakupa zaidi kidogo ya robo ya sekunde nyingine. Jumla ni kama sekunde 0.6 kwa kona moja na mnyoofu wake. Sasa rudi kwenye tairi za zamani, uongeze nguvu ya injini kwa asilimia 20. Faida yako kwenye mnyoofu uleule ni kama sekunde 0.58. Nakubali kwamba hiyo si faida ndogo. Lakini nimewapendelea wapenda nguvu kwa kuwapa mnyoofu mrefu na kona moja tu, na bado tairi zimewashinda. Barabara ya Nordschleife kule Nürburgring, Ujerumani, ambako mwenye gari lolote halali hulipa akaingia, ina urefu wa kilomita 20.8 na kona 73. Hesabu mwenyewe zile sehemu za sekunde.

Bado sijagusa breki, na hapo ndipo imani hii inapogeuka kuwa hatari. Gari lilelile la kilo 1,400 likitoka kilomita 180 kwa saa hadi 70 ili kuingia kona, nishati inayopaswa kugeuzwa joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji ya bomba. Jiko la nyumbani litachukua dakika nyingi kuyachemsha. Breki zinapewa sekunde tatu na nusu hivi. Ukiigawanya kazi hiyo kwa muda wake, breki za gari la farasi 200 zinafanya kazi ya karibu farasi 600. Hewa inayolipinga gari huwasaidia kidogo tu. Kwa hiyo mashine yenye nguvu kuliko zote garini iko nyuma ya rimu, na haina anayeisifia.

Halafu mwenye gari anaongeza nguvu. Badala ya kufika mwisho wa mnyoofu kwa kilomita 180, sasa anafika kwa 195. Ni ongezeko la kilomita 15 tu, lakini kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa kasi, joto linaloziendea breki linaongezeka kwa asilimia 20 katika kona ileile, raundi baada ya raundi, kwa diski zilezile na mafuta yaleyale. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango hicho kinaruhusu yachemke kwa nyuzi 155. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hugandamizika. Mguu unashuka, gari halisimami.

Najua ninachosema, kwa kuwa niliwahi kuwa katika kundi la wapenda nguvu. Gari langu lilikuwa Impreza WRX. Nililiwekea turbo kubwa, egzosi pana na programu mpya. Pedi zilikuwa za kawaida, na mafuta ya breki sikuwahi kuyafikiria tangu nilinunue. Raundi mbili za kwanza nilijiona bingwa. Raundi ya tatu, mwisho wa mnyoofu, nilikanyaga pedali ikazama hadi sakafuni kama nimekanyaga sponji iliyolowa. Nilitoka nje ya lami, nikapita kwenye changarawe, nikasimama hatua chache kabla ya ukuta wa tairi. Nilibaki nimeushika usukani, mikono inatetemeka. Siku hiyo ilikuwa imekwisha kwangu. Mzee mmoja aliyekuja na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la injini ya lita 1.6 lisilofika hata kilo 1,000, aliendelea kuzunguka hadi jioni, kila raundi safi kuliko iliyotangulia. Nilitazama nyakati zake. Alikuwa amenipita zamani, kabla hata breki zangu hazijafa.

Mtu atasema huo ni mfano wa mtu mmoja na uzembe wake. Haya, tuwatazame watu wasio wazembe hata kidogo. Mwaka 2013 kampuni ya Porsche iliipeleka 918 Spyder kule Nordschleife. Gari hilo lilikuwa na nguvu ya farasi 887, likichanganya injini ya petroli na mota za umeme, na dereva Marc Lieb aliizunguka njia ile, kwa kipimo kifupi cha kilomita 20.6, kwa dakika 6 na sekunde 57. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilileta 911 GT3 RS yenye farasi 525 na isiyo na turbo. Jörg Bergmeister aliizunguka njia yenye kipimo kilekile kwa dakika 6 na sekunde 44.8. Farasi 362 walipunguzwa, na sekunde 12 zikapungua pamoja nao.

Wapinzani watajibu kwamba katika miaka hiyo tisa tairi zimeboreshwa sana. Nawashukuru kwa kunisaidia. Ndivyo hasa ninavyosema! Tairi ziliboreshwa, gari likapungua uzito kwa takribani kilo 200, shokapu zikawa bora, na umbo la gari likabuniwa hivi kwamba kwa kilomita 200 kwa saa hewa hulikandamiza chini kwa kilo 409. Wahandisi wenye uwezo wa kununua nguvu yoyote waitakayo walichagua mshiko, na saa ikawapa haki. Wala usinielewe vibaya ukakimbilia kufunga bawa kubwa la duka la mapambo kwenye buti. Bawa la gari lile lilipimwa pamoja na pua yake na sakafu yake. La dukani mara nyingi huongeza uzito na upinzani wa hewa tu.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na mifuko yetu. Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ ziliingia sokoni mwaka 2012 zikiwa na farasi 200 na uzito wa kilo 1,240 hivi. Toleo lililouzwa sana lilivaa tairi za Michelin Primacy, tairi ambazo Toyota iliziweka pia kwenye Prius, gari la kubania mafuta. Kusudi lilikuwa dereva alisikie gari likiteleza katika mwendo wa kawaida, na kwa barabarani huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini kelele iliyofuata duniani kote ilikuwa moja: gari hili halina nguvu, lifungwe turbo. Ilhali jambo la kwanza ambalo gari lile lilihitaji uwanjani lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa tairi zake.

Huku kwetu hali ina uzito zaidi, kwa sababu magari mengi ya aina hii tunayaagiza Japani yakiwa yametumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na yaliyoingia zamani yameshaongeza miaka mingine kumi au zaidi juu ya barabara zenye mashimo na matuta. Bushi zimepasuka. Shokapu zimechoka, zinavuja mafuta. Alaimenti haijapigwa tangu gari lilipogonga shimo la mwisho. Gari la namna hiyo likipinda, magurudumu yanatazama kila moja upande wake na tairi inagusa lami kwa ukingo tu. Kuliongezea turbo ni kumpa mgonjwa wa goti viatu vya mbio. Fundi mwaminifu angemwambia mwenye gari, "Kaka, tulipe kwanza deni la gari hili, halafu tuzungumzie nguvu." Mafundi wa aina hiyo wapo, ila wateja wao huwaona waoga.

Sasa nirudi kwenye ile hoja nzito, kwamba programu ni rahisi na ya haraka. Kuinunua ni rahisi, lakini gharama yake haiishii kwenye malipo ya fundi wa laptopu. Nguvu zaidi ni joto zaidi: kwenye oili, kwenye maji ya rejeta, kwenye hewa inayotoka katika turbo. Barabarani unakanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde kadhaa, kisha unakutana na foleni au tuta. Uwanjani unakanyaga tena na tena kwa dakika 15 au 20 mfululizo. Hewa inayoingia kwenye injini inazidi kuchemka, kompyuta inajihami kwa kupunguza nguvu, na kufikia raundi ya nne wale farasi ulionunua wameshalala. Mjini Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani moja ya sita. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia mgandamizo uleule, huku rejeta na diski zikipozwa na hewa pungufu. Kwenye kona ndefu oili nayo hukimbilia upande mmoja wa sampu. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, injini inakwaruzika. Kinachoitwa nafuu kimegeuka injini mpya.

Tena kuna jambo ambalo halinunuliki gereji yoyote, nalo ni dereva. Mweke mkufunzi mzuri kwenye gari lako lilelile, bila kubadilisha hata boliti, na saa itashuka kabla tairi hazijapoa. Siri yake huonekana kwa macho. Anafunga breki mara moja, kwa nguvu na kwenye mstari ulionyooka. Anaingia kona taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Macho yake hayapo kwenye boneti, yapo kule gari linakotakiwa kutokea. Anakanyaga mafuta mapema, na usukani wake hautetemeki. Nguvu nyingi humnyima mwanafunzi nafasi ya kujifunza hayo, maana kila kosa la konani hufichwa na mnyoofu unaofuata. Gari dogo halikufichi. Ukikosea kutoka konani, utalipia hadi kona nyingine, na kesho yake hutalirudia kosa hilo.

Afrika Mashariki tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Safari Rally ilipofanyika mwaka 1963, magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Joginder Singh, fundi wa Kenya aliyeshinda mbio hizo mara tatu, aliupata ushindi wake wa kwanza mwaka 1965 kwa Volvo PV544, gari la umbo la kizamani ambalo hakuna kijana wa leo angelipigia picha. Safari si mbio za raundi, lakini somo lake ni lilelile. Waliomaliza walikuwa na magari yaliyovumilia na mikono iliyojua wakati wa kuyahurumia. Wazee wetu walishalisema: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha ianzie wapi, jibu langu halina kigugumizi. Ianze kwenye mafuta mapya ya breki yenye kiwango cha juu cha kuchemka, na pedi zinazostahimili joto la uwanjani. Zifuate tairi. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliozeeka haushiki hata kama kashata zake bado nene. Beba kipimo cha upepo, upime tairi zikiwa za moto, maana mgandamizo hupanda zikipata joto. Kisha bushi, shokapu na alaimenti. Kisha lipia siku nzima ya mkufunzi. Toa garini uzito usio na kazi, ukianza na spika za buti na tairi ya akiba. Hiyo ni bure. Halafu rejeta na upozaji wa oili. Gari likishafika hapo, na wewe ukishafika pale ambapo kila raundi yako inafanana na iliyotangulia, ongeza nguvu kwa roho safi. Wakati huo utajua ya kuifanyia.

Naomba hili lichukuliwe kwa uzito kwa sababu halihusu saa peke yake. Gari lililoongezewa nguvu likabaki na breki za zamani halibaki uwanjani. Jumapili jioni linarudi nyumbani kwa Barabara ya Thika au ya Bagamoyo, katikati ya bodaboda, watoto wanaovuka na daladala zinazosimama ghafla. Mshiko na breki ulizozinunulia sekunde huenda siku moja zikamwokoa mtu asiyejua hata kama magari hushindanishwa na saa. Wale farasi wa ziada hawatamwokoa mtu yeyote.

Basi wewe unayejiandaa kwa siku yako ijayo uwanjani, na una fedha ya jambo moja tu, peleka gari kwa fundi, mwambie amwage mafuta yote ya zamani ya breki, atie mapya, afunge pedi mpya. Kisha nenda ukaendeshe. Saa itakujibu, na jioni utarudi nyumbani ukiwa unaendesha gari lako mwenyewe.